Tumeshafunga riba ya mkopo wa nyumba, na sasa soko limeshuka. Tufanyeje?

Swali: Shikamoo. Mimi na mume wangu tunanunua nyumba yetu ya kwanza hapa Columbus, Ohio. Bei ni dola 340,000, tunatoa kianzio cha asilimia 5, na mkopo ni wa kawaida wa miaka 30, riba isiyobadilika. Wiki tatu zilizopita tulifunga riba ya asilimia 6.875 kwa siku 45. Wiki hii mwenzangu wa kazini amefunga 6.5. Nilipomuuliza afisa wetu wa mikopo, alisema tuna njia mbili: tulipe nusu pointi, yaani nusu asilimia ya mkopo, atushushie hadi 6.5, au tubaki kwenye bei ya zamani tununue pointi moja tupate 6.625. Muuzaji alishakubali kutuchangia dola 5,000 za gharama. Dalali anasema tusaini tu, mwakani tutakopa upya kwa riba ndogo. Je, tuhame benki? Na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori anayejitegemea, anataka kubadilisha lori mwezi huu. Kuna ubaya?

Jibu: Marahaba, dada, na hongereni.

Kati ya njia mbili mlizopewa, ya kushushiwa inaishinda ile ya pointi kwa mbali. Lakini hizo ni bei za kwanza, na bei ya kwanza huwa na nafasi ya kuzungumzwa. Kuhama benki zikiwa zimebaki siku 24 kunawezekana, ila mimi njia hiyo ningeiweka akiba. Kabla ya kukubali lolote, tafuteni karatasi mbili ambazo nitazieleza hapa chini. Lori la mume wako lina ubaya, tena mkubwa. Nitalifikia.

Kwanza mjue mko wapi. Mlipofunga riba, mkopeshaji aliahidi kwamba mkisaini kabla ya siku 45 kwisha, na taarifa mlizompa zisibadilike, atawapa 6.875 hata soko likipanda hadi 8. Ahadi hiyo inambana yeye. Ninyi hambanwi kuuchukua mkopo huo, mnaweza kuondoka hata siku moja kabla ya kusaini. Mtakachopoteza ni muda, fedha ya uthamini wa nyumba mliyokwisha kulipa, ada ya kufunga riba kama ilikuwepo, na, msipoangalia, arbuni yenu kwa muuzaji. Kwa hiyo mna nguvu kuliko mnavyodhani, ingawa nguvu hiyo inapungua kila siku tarehe ya kusaini inavyokaribia.

Kwa nini afisa hakuwapigia simu mwenyewe soko liliposhuka? Mkopeshaji akishakufungia riba, naye huenda sokoni kujikinga, mara nyingi kwa kuuza mapema hatifungani za mikopo ya nyumba. Riba ikishuka, bei ya hatifungani hizo hupanda, na kinga yake inamtia hasara. Hasara hiyo inafidiwa na mkopo wenu, kwa kuwa una riba kubwa kuliko ya soko la leo. Akiwashushia, anabaki na hasara bila fidia. Lakini mkiondoka kabisa anabaki na hasara ileile, na mkopo ameukosa. Ndiyo maana wakopeshaji wengi wana utaratibu wa kujadili upya riba iliyofungwa, hata kama hawautangazi. Anayeuliza akiwa na ushahidi hupewa zaidi ya anayelalamika.

Sasa huyo mwenzako wa kazini. Sina shaka amepata 6.5, ila riba peke yake haijakwambia chochote. Kila asubuhi mkopeshaji hupokea karatasi ya bei yenye ngazi nzima ya riba: 6.25 kwa kulipa pointi kadhaa, 6.625 bila pointi, 7 na yeye akuchangie gharama, na kadhalika. Ni kama bei ya samaki pale soko la Feri, Dar es Salaam, ya alfajiri siyo ya saa nne, na siku soko likichafuka karatasi mpya hutoka mara mbili tatu. Kwa hiyo mwulize alilipa pointi ngapi, alitoa kianzio kiasi gani, alama zake za krediti ni ngapi, mkopo wake ni wa kawaida au ni FHA (ule unaowekewa bima na serikali ya Marekani), na alifunga kwa siku ngapi. Mkopo wa FHA mara nyingi huonekana na riba ndogo, kumbe bima yake ndiyo inayokula tofauti. Na riba iliyofungwa kwa siku 15 huwa rahisi kuliko ya siku 60, kwa sababu kinga ya siku nyingi ina gharama.

Hapo ndipo inapoingia karatasi ya kwanza. Mwandikieni afisa wenu ujumbe, siyo simu, mumwombe hivi: "Tupatie bei ya leo ya mkopo wetu uleule, kiasi kilekile, kwa siku zilizobaki, bila pointi na bila mchango wa benki." Neno la maana hapo ni bila pointi. Akijibu 6.5, soko kweli limeshuka kwa 0.375. Akijibu 6.75, mwenzako wa kazini alinunua pointi bila kukwambia, au hakujua kwamba amenunua. Hilo la pili hutokea sana.

Karatasi ya pili itoke kwa mshindani. Tafuteni wakopeshaji wawili, mmoja wao awe chama cha akiba na mikopo cha hapohapo Ohio kama mnaweza kujiunga, muombe fomu ya Loan Estimate, yaani makadirio ya riba na gharama za mkopo, kutoka kwa kila mmoja, siku moja. Sheria ya Marekani inamtaka mkopeshaji awape fomu hiyo ndani ya siku 3 za kazi tangu apate mambo sita: majina, kipato, namba ya Social Security, anwani ya nyumba, makadirio ya thamani yake, na kiasi cha mkopo. Kabla hamjasema mnataka kuendelea naye, haruhusiwi kuwatoza kitu isipokuwa gharama ndogo ya ripoti ya krediti. Na msiogope alama kushuka. Maulizo ya mikopo ya nyumba yakifanyika ndani ya siku 45 huhesabiwa kama ulizo moja.

Fomu zikifika, msihangaike na kila mstari. Bima ya nyumba, kodi ya ardhi na riba ya siku za mwanzo ni karibu zilezile popote mtakapokwenda, na wakati mwingine afisa huziandika ndogo ili jumla ipendeze. Nendeni ukurasa wa pili, sehemu A, ambako pointi na ada za mkopeshaji mwenyewe zimeandikwa, kisha sehemu J muone kama kuna mchango wa mkopeshaji. Toeni moja kwa nyingine. Halafu ukurasa wa tatu kuna mstari unaoonyesha mtakuwa mmelipa kiasi gani kwa miaka 5 na deni litakuwa limepungua kiasi gani. Kwa kulinganisha mikopo miwili, mimi huuamini mstari huo kuliko APR, ile riba ya mwaka iliyochanganywa na ada, kwa sababu APR huhesabu kana kwamba mtakaa na mkopo huo miaka yote 30, na watu wachache sana hukaa. Juu kulia ukurasa wa kwanza pameandikwa kama riba imefungwa, na mpaka tarehe na saa ngapi. Fomu ya mshindani pengine itasema haijafungwa. Ni sawa, mnachotaka ni bei ya siku ile.

Twende kwenye hesabu zenu. Mkopo ni dola 323,000. Kwa 6.875 mtalipa kama dola 2,122 kwa mwezi, mtaji na riba, bila kodi na bima. Kwa 6.625 ni dola 2,068. Kwa 6.5 ni dola 2,042.

Pointi moja ni asilimia 1 ya mkopo, yaani dola 3,230. Mkiilipa ili mshuke hadi 6.625, mnaokoa dola 54 kwa mwezi, na itawachukua miaka 5 kurudisha fedha yenu. Nusu pointi ya kushushiwa ni dola 1,615, inawaokolea dola 80 kwa mwezi, na inarudi ndani ya miezi 20. Ndiyo maana nimesema ya kushushiwa inaishinda ya pointi. Pointi mnauziwa kwa bei ya wiki tatu zilizopita, wakati kushushiwa kunawaingiza kwenye bei ya leo. Afisa aliyewawekea njia hizo mbili mezani kana kwamba zinalingana, ama hakupiga hesabu, ama alipiga.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo hakuitaja, nayo ni kuomba 6.625 bure. Wakopeshaji wengi, wakionyeshwa fomu ya mshindani, hukubali kugawana nanyi ule mshuko: soko limeshuka 0.375, wao wanawapa 0.25 bila ada. Mkipewa hivyo, ile nusu pointi inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Itakuwa sasa inanunua tofauti ya 6.625 na 6.5 tu, dola 27 kwa mwezi, na kuirudisha dola 1,615 kutachukua miezi 60. Mimi ningechukua 6.625 ya bure nikaziacha hizo dola benki, hasa mwaka wa kwanza wa nyumba, ambao bomba hupasuka bila kuuliza una kiasi gani. Mkikataliwa ya bure, lipeni nusu pointi. Miezi 20 ni hesabu nzuri.

Ulizeni pia kama mkataba wenu wa kufunga riba tayari una kipengele cha kushushiwa, wenyewe hukiita float-down. Wengine walikilipia siku ya kufunga bila kujua. Kipengele hicho kwa kawaida kina masharti: soko liwe limeshuka kwa kiwango fulani, mara nyingi angalau 0.25, kitumike mara moja tu, kitumike katika siku maalumu kabla ya kusaini. Sharti la mara moja lina maana kwenu. Mkikitumia leo na soko likashuka tena wiki ijayo, basi. Hata hivyo sishauri kuwinda sakafu ya soko. Mkipata punguzo linalolipa, lichukueni kwa maandishi na mlale usingizi.

Watu wengi wa kwetu husubiri tangazo la Fed, benki kuu ya Marekani. Naomba hili tulielewe vizuri, maana limewaumiza wengi. Tarehe 18 Septemba 2024 Fed ilipunguza riba yake kwa nusu asilimia nzima. Wiki iliyofuata wastani wa mkopo wa miaka 30, unaotolewa na Freddie Mac, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, ulikuwa 6.08. Waliosubiri ushuke zaidi waliiona Fed ikipunguza tena Novemba na tena Desemba, na katikati ya Januari 2025 wastani uleule ulikuwa 7.04. Riba ya mkopo wa nyumba hufuata hatifungani za mikopo hiyo na zile za serikali za miaka 10, na soko la hatifungani huwa limeshaingiza matarajio yake kabla mwenyekiti wa Fed hajafungua mdomo. Takwimu ya ajira ikitoka na nguvu kuliko watu walivyodhani, riba yenu inaweza kupanda siku ambayo redio inasema Fed inashusha.

Kwa sababu hiyohiyo siwezi kumwunga mkono dalali wenu na hiyo mwakani yake. Huenda akawa sahihi. Lakini aliyenunua Oktoba 2023, wastani ukiwa 7.79, aliambiwa maneno hayohayo, na katika miaka ya 2023, 2024 na 2025 wastani wa Freddie Mac haukushuka chini ya 6 hata wiki moja. Ile 2.65 ya Januari 2021 ilitokana na janga la korona, msiipangie bajeti. Kukopa upya nako kuna gharama za maelfu ya dola, na kunahitaji muwe bado mna kazi na alama nzuri siku hiyo. Kama hamwezi kulipa 6.875 kwa utulivu, nyumba hiyo ni ghali kwenu, iwe mwakani itakuwepo au haitakuwepo. Kama mnaweza, basi mwakani ikija ni bahati. Hakikisheni tu ukurasa wa kwanza wa fomu unasema hakuna adhabu ya kulipa mkopo mapema.

Zile dola 5,000 za muuzaji zinahitaji akili kidogo. Kwa mkopo wa kawaida wenye kianzio chini ya asilimia 10, muuzaji anaruhusiwa kuchangia hadi asilimia 3 ya bei, kwenu dola 10,200. Mchango huo unaweza kulipia pointi au ada ya kushushiwa. Kitu kimoja hauwezi kufanya, nacho ni kuzidi gharama halisi za kufunga mauzo, na kinachozidi hampewi mkononi, kinabaki kwa muuzaji. Kwa hiyo pigeni jumla ya gharama zote kwanza. Gharama zikiwa dola 4,200, zile 800 zinazobaki zitumieni kwenye nusu pointi, maana vinginevyo zinapotea. Gharama zikiwa 9,000, basi mchango umeshaliwa wote, na pointi yoyote mtakayonunua inatoka mfukoni mwenu, hata kama afisa atasema muuzaji ndiye anayelipa. Kama ukaguzi wa nyumba umeibua kasoro, dalali anaweza kurudi kwa muuzaji kuomba nyongeza badala ya matengenezo. Nafasi ya kufikia zile dola 10,200 bado ipo.

Huenda mkaambiwa pia muitumie fedha ya muuzaji kupunguza malipo ya miaka miwili ya kwanza tu, riba ikiwa pungufu kwa 2 mwaka wa kwanza na kwa 1 mwaka wa pili. Kwa mkopo wenu gharama yake ni kama dola 7,500, kwa hiyo 5,000 haitoshi. Punguzo la mwaka mmoja kwa asilimia 1 linagharimu kama dola 2,530. Sipendi sana mpango huu kwa familia yenye bajeti ya kubana, kwa sababu malipo hupanda hasa mtoto anapoanza shule au gari linapoanza kukohoa. Uzuri wake mmoja ni kwamba mkikopa upya mapema, fedha iliyobaki kwa kawaida hupunguza deni, wakati pointi mliyonunua inakuwa imekwenda.

Sasa jambo ambalo hamkuliuliza na ambalo huenda likawa na thamani kuliko yote. Umesema ni nyumba yenu ya kwanza. Freddie Mac na mwenzake Fannie Mae, kampuni nyingine ya aina hiyo, huweka nyongeza ya bei kwenye mikopo kulingana na alama za krediti na ukubwa wa kianzio, na nyongeza hiyo hufichwa ndani ya riba. Lakini inafutwa kabisa iwapo mmoja wa wakopaji hajamiliki nyumba kwa miaka 3 iliyopita, na kipato kinachotumika kwenye mkopo hakizidi kipato cha kati cha eneo, au asilimia 120 ya kipato hicho kwenye maeneo ya bei ghali. Fannie Mae ina ukurasa wa mtandaoni ambapo unaingiza anwani ya nyumba na unaona kipato cha kati cha eneo hilo. Na mkiwa chini ya asilimia 80 ya kipato hicho cha kati, kuna mikopo ya HomeReady na Home Possible, ambayo pamoja na riba hupunguza na ile bima ya PMI mtakayotozwa kwa kuwa kianzio ni chini ya asilimia 20. Mume wako akiwa dereva anayejitegemea, kipato kinachohesabiwa ni kile kilichobaki kwenye marejesho ya kodi baada ya mafuta, matairi na uchakavu, siyo kile anachoona kikiingia. Familia nyingi za madereva zinazojiona ziko juu ya kiwango, kwenye karatasi ziko chini. Mwulizeni afisa swali moja: "Mlipotufungia riba, mlitumia msamaha wa mnunuzi wa kwanza?" Kama hakuutumia na mnastahili, riba yenu inapaswa kutazamwa upya hata kama soko lisingeshuka.

Alama za krediti nazo hupangwa kwa ngazi za alama 20, na 780 kwenda juu ndiyo ngazi ya juu kabisa. Kama mmoja wenu ana 738, na kadi yake ina deni karibu na kikomo, kulipunguza deni hilo na kumwomba mkopeshaji aombe alama zihesabiwe upya kwa haraka kunaweza kumvusha 740 ndani ya siku chache. Mnunuzi hawezi kuomba huduma hiyo mwenyewe, lazima apitie kwa mkopeshaji. Baada ya riba kufungwa wengine hukubali kubadilisha bei, wengine hukataa. Msamaha wa mnunuzi wa kwanza ukiwahusu, ngazi hizi hazitagusa riba yenu, ila bima ya PMI bado huangalia alama.

Kuhama benki, sasa. Mkopeshaji wa kawaida huhitaji wiki tatu hadi mwezi kukamilisha mkopo, na ninyi mna siku 24. Uthamini mlioulipia, benki mpya ina hiari ya kuupokea au kuukataa kwa mkopo wa kawaida. Muuzaji lazima akubali kusogeza tarehe mkichelewa, na asipokubali arbuni iko hatarini. Ningehama kwa sharti kwamba tofauti ni kubwa, tuseme 0.375 bila pointi, mkopeshaji wa sasa amekataa katakata, na dalali amepata nyongeza ya siku kutoka kwa muuzaji kwa maandishi. Chini ya hapo, hapana. Na uamuzi huo uwe ndani ya siku tatu nne kuanzia leo.

Mkikubaliana na mkopeshaji wa sasa, mabadiliko ya riba yanatakiwa yatolewe kwenye Loan Estimate mpya ndani ya siku 3 za kazi. Msiridhike na ujumbe wa simu unaosema "nimeshawarekebishia". Fanyeni hili kabla ya Closing Disclosure kutoka, ile fomu ya kurasa tano yenye hesabu za mwisho za mkopo, ambayo lazima muipokee siku 3 za kazi kabla ya kusaini. Riba kushuka baada ya hapo kwa kawaida hakuanzishi siku tatu nyingine, lakini idara za benki huwa zimeshachoka na faili lenu, na makosa huingia.

Kinachofuata ni siku 45 zenyewe. Zikiisha hamjasaini, mtalipa ada ya kuongeza siku, au mtafungiwa upya kwa bei mbaya zaidi kati ya ile ya zamani na ya siku hiyo. Soko likiwa limeshuka, kanuni hiyo ina maana kwamba kuiacha tarehe ipite makusudi ili mpate riba ya leo hakufanyi kazi. Ulizeni sasa hivi ada ya kuongeza siku ni kiasi gani na nani atailipa ikiwa kuchelewa kumetoka kwao. Jibu liwe kwenye barua pepe.

Na kwa watu wetu, kinachochelewesha mara nyingi ni fedha yenyewe ya kianzio. Kwa mkopo wa kawaida wa kununua nyumba, kiasi kimoja kilichoingia benki na kinachozidi nusu ya kipato chenu cha mwezi lazima kielezwe kimetoka wapi kama kinatumika kwenye manunuzi. Mchezo wa upatu uliopokea, dola 9,000 kwa Zelle kutoka kwa watu watano tofauti, kwetu ni jambo la heshima, kwa mkaguzi wa mkopo ni fedha isiyo na mwenyewe, pengine ni deni lililofichwa. Kama upatu wako umeshaingia, kusanya ushahidi wa michango uliyokuwa ukitoa miezi yote, jina na tarehe. Kama haujaingia, mwombe mama mchezo akupe zamu yako baada ya kusaini. Ndugu akiwasaidia kutoka Dar es Salaam au Nairobi, iandikwe barua kwamba ni zawadi isiyorudishwa, na fedha itoke kwenye akaunti yake iingie kwenye yenu moja kwa moja, bila kupitia kwa shemeji wa Dallas.

Sasa lori. Benki itaiangalia tena ripoti yenu ya krediti kabla ya kusaini, na itathibitisha upya kwamba biashara ya mume wako bado inaendelea. Mkopo mpya wa lori, hata ukiwa kwa jina la kampuni yake, mara nyingi anaudhamini yeye binafsi. Malipo yake ya kila mwezi yataongezwa kwenye madeni yenu, uwiano wa deni na kipato utabadilika, na taarifa zikibadilika ile ahadi ya riba haiwalindi tena. Hata kuuza lori la zamani kunaingiza kiasi kikubwa benki ambacho kitahitaji maelezo. Asijaze fomu ya kuulizia mkopo kwa muuza malori, maana ulizo lenyewe litaonekana na mtaombwa barua ya kulieleza. Kama lori lililopo limekufa kabisa na hawezi kufanya kazi bila kulibadilisha, mpigieni afisa wa mikopo kabla mume wako hajaweka sahihi popote, awaeleze ni malipo ya kiasi gani kwa mwezi ambayo faili lenu linaweza kubeba.